Damu ya Masisi na Walikale: Usalama Unaanzia kwa Mtoaji

Mtoto wa miaka miwili anayefikishwa hospitali kuu ya Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, akiwa na malaria kali, viganja vimepauka, anahema mbiombio, hemoglobini yake gramu 3 kwa desilita, hana siku ya kungoja. Huenda hana hata saa mbili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika nchi maskini hadi asilimia 54 ya damu inayoongezwa wagonjwa huenda kwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Anayetaka kuiona takwimu hiyo kwa macho atazame mabonde ya msitu wa Walikale, ambako mbu wapo mwaka mzima. Masisi ni nchi ya milima, malisho na viazi, yenye baridi zaidi, lakini malaria imefika huko nako, na juu yake kuna akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua na raia waliopigwa risasi. Kote kuwili, swali la usalama wa damu huulizwa mbele ya mgonjwa ambaye bila damu atakufa leo. Anayelijadili bila kumweka mgonjwa huyo mbele yake ataishia kushauri mambo ambayo hakuna muuguzi anayeweza kuyafuata.

Wengi walio mbali na Kivu hudhani kwamba damu huku haipimwi. Dhana hiyo ina makosa. Sera ya Congo inataka kila mfuko upimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, sawa na WHO inavyoelekeza dunia nzima. Upo mpango wa taifa wa kuongeza damu, na mjini Goma kipo kituo cha mkoa. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), ambao wameisaidia hospitali kuu ya Masisi tangu 2007, nao hawaongezi damu isiyopimwa. Kazi yenyewe huenda hivi: ndugu wa mgonjwa anaitwa maabara, laborantini anampima kundi la damu na hemoglobini, anadondosha damu kwenye vipimo vinne vya haraka, anasubiri dakika 15 hadi 20, anasoma mistari. Mistari ikiwa safi, mfuko unajazwa, damu inalinganishwa na ya mgonjwa, kisha inapelekwa wodini ikiwa bado na joto la mwili wa mtoaji.

Kwa hiyo damu inapimwa. Ninalotaka kulitetea hapa ni kwamba kipimo hicho kimebebeshwa mzigo ambao si wake peke yake. Tumekiachia kazi ya kumchuja mtu tusiyemjua, aliyeletwa kwa dharura, mbele ya familia inayolia, usiku, kwenye maabara ambayo huenda wiki ijayo haitakuwa na vipimo. Damu ya Masisi na Walikale itakuwa salama zaidi tukianza na mtu anayeketi kwenye kiti cha mtoaji, kabla hatujafika kwenye kipande cha karatasi kinachosoma damu yake.

Congo ilijifunza hatari hii mapema kuliko nchi nyingi, na kwa gharama kubwa. Mwaka 1988 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa Alan Greenberg na wenzake uliofanyika Hospitali ya Mama Yemo, Kinshasa. Waliwachunguza watoto waliolazwa, wakakuta kwamba malaria ndiyo iliyokuwa sababu kuu ya watoto kuongezwa damu, na kwamba kadiri mtoto alivyoongezwa damu mara nyingi ndivyo uwezekano wa kukutwa na virusi vya UKIMWI ulivyopanda. Damu ile ilikuwa imetolewa kwa nia ya kuwaokoa. Kipimo cha kingamwili cha UKIMWI kiliruhusiwa Marekani mwaka 1985, na katika hospitali nyingi za Afrika miaka ilipita kabla hakijawa cha kila siku. Hofu iliyobaki tangu enzi hizo imefanya UKIMWI uwe jambo la kwanza, na mara nyingi la pekee, ambalo familia huuliza kuhusu mfuko wa damu.

Hofu hiyo ina haki yake, lakini leo inatazama upande ambao si dhaifu zaidi. Vipimo vya haraka vya UKIMWI ni vizuri sana. Vinakosea hasa katika kipindi cha dirisha, yaani majuma machache ya mwanzo baada ya maambukizi, kabla mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha kuonekana, takribani majuma matatu. Mashine zinazotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe zinakipunguza kipindi hicho hadi siku kama 11. Kwa homa ya ini C tofauti ni kubwa zaidi: kingamwili zake huchelewa hadi miezi miwili na kitu, ilhali vinasaba vyake huonekana ndani ya siku zipatazo kumi. Mashine hizo zinahitaji umeme usiokatika, vitendanishi vinavyokaa kwenye baridi na fundi anayefika zikiharibika. Katika hospitali ya wilaya iliyoko upande wa pili wa barabara ya matope na vizuizi vya watu wenye silaha, kuzitegemea kwa kila mfuko si mpango.

Udhaifu mkubwa uko kwenye homa ya ini B. Kirusi hiki kimeenea Congo kuliko cha UKIMWI, ambacho uchunguzi wa taifa wa 2013 na 2014 ulikikuta kwa takribani mtu mzima mmoja katika kila mia. Kipimo cha haraka cha homa ya ini B kinatafuta antijeni ya ganda la kirusi, na vipo vingi sokoni ambavyo macho yake ni mafupi: antijeni ikiwa kidogo havioni kitu, wakati mashine ya maabara kubwa ingeiona ikiwa mara kumi pungufu au zaidi. Tena wapo watu ambao kirusi kimejificha kwenye ini lao, antijeni haionekani kabisa, lakini damu yao bado inaweza kuambukiza. Hao hawakamatwi na kipimo chochote kinachowekwa mezani Masisi au Walikale.

Umri wa mpokeaji unalizidisha jambo hili. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, mara nyingi mwili unaishinda; wanaobaki nayo maisha yote hawafiki 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, takribani 90 kati ya 100 hubaki nayo, na kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano ni kati ya 25 na 50. Hao ndio wanaolala kwenye wodi ya malaria. Homa ya ini haitawaonyesha dalili mwaka huu wala ujao. Itakuja miaka thelathini baadaye, ini likiwa limesinyaa au lina saratani, na hakuna atakayekumbuka mfuko ule. Kwa kuwa madhara yake hayamrudii muuguzi aliyekuwa zamu, kosa hili halijifundishi lenyewe. Ndiyo maana ninaona homa ya ini B ipewe nafasi ya kwanza katika mjadala wa damu huku, mbele hata ya UKIMWI.

Mwaka 2010 Sudha Jayaraman na wenzake walikokotoa hatari hiyo kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Makadirio yao ya kati yalikuwa kwamba katika kila mifuko 1,000 ya damu inayoongezwa, mmoja huambukiza virusi vya UKIMWI, 4.3 homa ya ini B na 2.5 homa ya ini C. Ni makadirio ya bara zima, hayakupimwa Masisi. Hata hivyo yanatosha kuonyesha mpangilio wa hatari. Mchukue mtoto wa SS, mwenye selimundu, ambaye huongezwa damu tena na tena: akipokea mifuko 20 utotoni kwa kiwango hicho, nafasi ya kuambukizwa homa ya ini B inafika karibu 8 kati ya 100. Kwa mtoto aliyepokea mfuko mmoja uliomwokoa na kifo, 4 kati ya 1,000 ni bei inayokubalika. Kwa mtoto wa SS, bei hiyo hulipwa kila msimu.

Sasa tuchukue hesabu ya mfano. Kuna watoaji 1,000, na 50 kati yao wana homa ya ini B. Kipimo kinawakamata 90 katika kila 100. Mifuko mitano yenye kirusi itapita. Tukinunua kipimo bora kinachokamata 98 katika 100, utapita mmoja. Turudi kwenye kipimo kilekile dhaifu, ila safari hii watoaji wawe watu waliokwisha kupimwa siku za nyuma, wanaorudi kila baada ya miezi kadhaa, ambao kati yao wenye kirusi ni 10 tu katika 1,000. Utapita mfuko mmoja pia. Yaani kumjua mtoaji kumefanya kazi sawa na kununua kipimo cha bei kubwa. Tukiunganisha yote mawili, unapita mmoja katika 5,000. Hesabu ya maisha si safi kiasi hicho, maana mtu ambaye kipimo fulani kimemkosa leo kinaweza kumkosa tena kesho. Kwa hiyo kipimo chenye macho marefu kitumike angalau mara ya kwanza mtu anapojiandikisha. Lakini mwelekeo haubadiliki.

Mtoaji wa huku, mara nyingi, ni ndugu: baba, mjomba, shemeji. Watu wanapenda mpango huu kwa sababu una sura ya udugu, na udugu upo kweli. Tatizo ni kwamba ndugu huyo hawezi kukataa. Fomu inamuuliza kama amekuwa na homa, kama ana mwenzi mpya, kama aliwahi kuugua manjano. Wakwe zake wako nje ya mlango, mtoto anahema vibaya, na yeye ndiye wa kundi O. Atajibu nini? Kanuni za kuchagua watoaji ziliandikwa zikimfikiria mtu aliyekuja kwa hiari, asubuhi, akiwa na uhuru wa kusema "leo hapana." Familia isipompata wa kwao, hutafuta kijana wa kulipwa kando, na huyo ana sababu zaidi ya kuficha.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu maswali hayo. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika Luvungi na vijiji jirani vya Walikale, watu zaidi ya 300 walibakwa na makundi yenye silaha, kwa mujibu wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Ubakaji haukuanza wala kuishia hapo. Fomu inayouliza juu ya mwenendo wa mtoaji haina nafasi ya mwanamke, au mwanamume, ambaye hakuchagua kilichompata. Anayeulizwa mbele ya mumewe atanyamaza. Chumba chenye mlango unaofungika, na mwulizaji wa kike kwa mtoaji wa kike, ni vifaa vya usalama wa damu sawasawa na vipimo. Vilevile kumkataa mtoaji kuna hatari yake: mjomba akiingia maabara na mfuko usitoke, ukoo mzima unaanza kukisia. Laborantini mwenye busara humjibu kila anayekataliwa kwa maneno yaleyale, kwamba damu yake haikufaa kwa leo. Ni kweli, kwani wengi hukataliwa kwa hemoglobini ndogo au kundi lisilolingana, na siri inabaki kwa mwenyewe.

Je, watoaji wa kudumu wanawezekana vitani? Uganda ilianza kuijenga upya benki ya damu ya Nakasero mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiwa imetoka vitani na UKIMWI ukiwa juu, kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, na ikawategemea hasa wanafunzi wa shule na waumini. Kenya iliunda huduma yake ya taifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya bomu la Agosti 1998 jijini Nairobi kuonyesha hospitali hazikuwa na akiba. Lakini kwa muda mrefu Kenya iliegemea fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na zilipokoma mwaka 2019 mifuko ikaadimika. Watoaji walikuwepo, kilichokosekana ni pesa za mifuko, vitendanishi na magari ya kuwafuata.

Masisi na Walikale hazina utulivu wa kuiga Nakasero. Watu wanahama: kijiji kilichoandikisha watoaji 40 mwezi huu kinaweza kuwa tupu mwezi ujao. Kwa hiyo ninafikiri orodha za watoaji zifuate watu ambao hubaki pamoja hata wanapohama: walimu, wanakwaya, wauguzi wenyewe, vijana wa msikiti na parokia, vyama vya akina mama wa soko (kote humo wanaume wakitangulizwa, maana wanawake wa umri wa kuzaa mara nyingi hawana damu ya kutoa). Kadi ya mtoaji, yenye kundi na tarehe ya kipimo cha mwisho bila jina la ugonjwa wowote, aibebe mwenyewe. Watu 60 wanaojulikana, kila mmoja akitoa mara tatu kwa mwaka, ni mifuko 180. Kwa hospitali ya eneo hilo hicho si kitu kidogo.

Faida nyingine ya orodha hiyo ni muda. Mfuko wenye kihifadhi cha kawaida hukaa siku 35 kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6. Friji ya jua yenye mifuko sita iliyopimwa mchana hubadilisha kazi nzima ya usiku. Laborantini hapimi tena huku akigongewa mlango. Vipimo vya haraka vinaonekana rahisi, lakini vinadai subira: mstari ukisomwa mapema, ule hafifu haujatokea, ukisomwa umechelewa, unaweza kutokea usio wa kweli. Na kwa damu ya kuongezwa, mstari hafifu ni mstari. Mfuko hautolewi. Mtu aliye peke yake saa nane usiku, akisoma kwa tochi ya simu, atavutwa na huruma kuuona mweupe. Wasomaji wawili, saa ya ukutani na daftari lenye namba ya toleo la kila kipimo ni gharama ndogo mno. Walikale, yenye joto na unyevu wa msitu, lazima iangalie pia stoo: vipimo vingi havitakiwi kuzidi nyuzi 30, na boksi lililokaa juu ya pikipiki juani kutwa nzima linaweza kuwa limeharibika bila kuonyesha alama yoyote.

Kwa nini basi damu isipimwe yote Goma, kwa mashine kubwa, kisha isambazwe? Kwa miji mikubwa ndilo jibu sahihi. Rwanda, ng'ambo ya mpaka, husafirisha damu kwa ndege ndogo zisizo na rubani tangu Oktoba 2016, na utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha damu inafika haraka zaidi na mifuko inayopitwa na wakati imepungua kwa asilimia 67. Upande wetu njia ndiyo inayoamua. Tarehe 4 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati, mwishoni mwa mwezi huo wakaichukua Goma na uwanja wake wa ndege ukafungwa, na Machi 19 wakafika Walikale-kati. Februari mwaka huo mfanyakazi wa MSF alipigwa risasi akiwa ndani ya kambi ya shirika lake Masisi, akafariki. Mfumo unaotegemea gari la kila wiki kutoka Goma ungekuwa umekatika mara kadhaa katika miezi mitatu hiyo. Hospitali hizi lazima ziwe na uwezo wa kupima zenyewe, na akiba ya vipimo na mifuko ya miezi mitatu hadi minne, si mmoja.

Goma ibaki na kazi nyingine inayovumilia kuchelewa: kuhakiki. Tone la damu ya kila mtoaji likikaushwa kwenye karatasi maalumu linaweza kusafiri wiki kadhaa bila friji. Sehemu ya sampuli hizo ipimwe upya kwenye maabara kubwa, kama ile ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kitabibu (INRB) mjini humo, na majibu yarudi Masisi yakisema: katika damu mlizoziita safi, hizi hazikuwa safi. Mashine za GeneXpert, zinazotafuta vinasaba vya vimelea, ambazo Kivu Kaskazini ilizizoea kwa kifua kikuu na wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, zinaweza kusaidia uhakiki huo pia. Bila marejesho kama hayo hospitali hupima miaka kumi bila kujua inakosea wapi.

Kisha kuna damu isiyohitajika. Jaribio la TRACT, lililofanyika Uganda na Malawi chini ya Kathryn Maitland na kuchapishwa 2019, liligundua kwamba watoto wenye hemoglobini ya gramu 4 hadi 6 wasio na dalili za hatari, wakichungwa kwa makini badala ya kuongezwa damu papo hapo, hawakufa zaidi ya wenzao ndani ya siku 28. Ugunduzi huo unahitaji wodi yenye muuguzi wa kumrudia mtoto na kumpima tena, jambo ambalo usiku wa watoto wengi haliwezekani kila mara. Pale linapowezekana, kuna mifuko ambayo haitafunguliwa kabisa, na kila mfuko usiofunguliwa hauna dirisha. Ni hivyohivyo kwa chandarua, kwa dawa ya malaria inayopatikana kijijini kabla mtoto hajapauka, na kwa vidonge vya madini ya chuma vya mama mjamzito.

Chanjo nayo ni sehemu ya usalama wa damu, ingawa haionekani kwenye maabara. Mtoto aliyemaliza dozi tatu za chanjo yenye kinga ya homa ya ini B, katika majuma ya 6, 10 na 14, amelindwa kwa sehemu kubwa hata mfuko wenye kirusi ukimpitia. Aliyezaliwa porini wakati wa kukimbia, ambaye kituo cha afya cha kwao kiliporwa, hana ulinzi huo, na ndiye huyohuyo mwenye uwezekano mkubwa wa kufika amechelewa, damu imekwisha. Mtoto wa SS asiyekamilisha chanjo achanjwe wodini kabla ya kurudi nyumbani.

Limebaki suala la mtoaji aliyekutwa na ugonjwa. Kwa UKIMWI njia ipo: ushauri, kipimo cha kuthibitisha, dawa za bure. Kwa homa ya ini B mara nyingi damu humwagwa na mtu akaenda zake bila kuambiwa, kwa hoja kwamba hakuna cha kumpa. Hoja hiyo imekuwa dhaifu. Tenofovia, dawa inayoidhibiti homa ya ini B, imo tayari ndani ya vidonge vya UKIMWI vinavyotumika nchini. Anayekosa mpango wa kuipata ni yule mwenye homa ya ini B peke yake. Machi 2024 WHO ililegeza masharti ya matibabu ili wengi zaidi waanze. Mtoaji aliyetambuliwa Masisi au Walikale anaweza kuitwa faraghani juma hilohilo, akapimwa tena, jina lake likaandikwa kwenye daftari la matibabu, na mkewe na watoto wakapimwa na kuchanjwa. Anayehudumiwa hivyo atakuwa na sababu ya kuwaambia wenzake waje maabara kabla hawajaitwa kwa dharura.